Kabla ya kuandika programu, nunua simu ya bei ndogo

Vijana wanaoniuliza waanzie wapi kutengeneza programu za simu huuliza kuhusu lugha na zana za kuandikia. Kotlin au Flutter? React Native bado ina soko? Mimi huwauliza wanaijaribia kwenye simu gani. Karibu wote hunitajia ile waliyo nayo mfukoni, na wengine hata hiyo hawaitumii, wanategemea emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya laptop, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16. Hapo huwaambia waiweke lugha pembeni kwanza, waende dukani wakanunue itel au Tecno ya bei ya chini kabisa inayouzwa mtaani kwao, ile ya RAM ya GB 2. Waiwekee laini, waipakie WhatsApp, Facebook na TikTok, waiache ijae picha na video za magrupu, kisha waitumie kama simu yao ya kila siku. Ikianza kulalamika kwamba nafasi imeisha, hapo iko tayari kwa kazi.

Natengeneza programu peke yangu hapa Mwanza, sina mwajiri wala mwekezaji. Kinachoniweka mjini ni programu ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii. Wateja wangu ni waweka hazina, wengi wao akina mama wenye biashara ndogo ndogo, na simu zao ni hizo hizo ninazozisema. Anayetengeneza michezo ya kuuza Ulaya ana yake. Haya yangu yanamhusu mtu ambaye mteja wake anakaa Igoma ya Mwanza, Buza ya Dar es Salaam au Kawangware ya Nairobi.

Simu ya namna hiyo ina tabia zake, na hazisomeki kitabuni. Chukua suala la kujisajili. Mteja anaandika namba yake ya simu, anabonyeza Endelea, anatumiwa tarakimu sita kwa SMS. Anatoka kwenye programu kwenda kuzisoma. RAM ni ndogo, na WhatsApp muda huo huo inapokea salamu zote za asubuhi, basi mfumo unaiua programu yako kimyakimya ili upate nafasi. Mteja anarudi na tarakimu zake kichwani, anakuta ukurasa wa kwanza na namba aliyoiandika haipo. Anaanza upya, anatumiwa tarakimu nyingine, zile za mwanzo hazikubali tena. Baada ya mizunguko miwili mitatu anakupigia kukuambia kwamba programu yako ni mbovu, na kwa kweli hajakosea. Kwenye laptop yako hilo halitokei hata ukeshe.

Ndani ya mipangilio ya wasanidi, yaani watengeneza programu, kwenye Android kuna sehemu ya kuamuru kila ukurasa uuawe mara tu mtumiaji anapoutoka. Iwashe, kisha pitia programu yako yote ukitoka na kurudi, ukitoka na kurudi. Kila alichokwisha kuandika mtu kihifadhiwe papo hapo, asingoje kubonyeza Hifadhi. Na kwa zile tarakimu za SMS, Google wana njia iitwayo SMS Retriever, ambayo programu hupokea ujumbe wake yenyewe tu bila kuomba ruhusa ya kusoma SMS zote za mtu. Ukiitumia, mteja hana haja ya kutoka.

Halafu kuna hili la biti 32. Simu nyingi za RAM ya GB 2 zinakuja na mfumo wa biti 32, ule wa zamani, hata pale ambapo prosesa (ubongo wa simu) yenyewe inaweza 64, na programu ya 64 peke yake haiingii humo. Tangu Agosti 2019 Play Store inadai kila programu iwe na toleo la biti 64, na baadhi ya wasanidi wamelielewa dai hilo kama ruhusa ya kulitupa toleo la 32 ili faili liwe dogo. Matokeo yake mteja akitafuta programu anaambiwa kifaa chake hakiendani nayo, au haioni kabisa. Yeye hatakupigia. Atadhani haipo. Angalia kifurushi chako kabla hujakipandisha. Ukipandisha kwa muundo wa AAB, yaani kifurushi kimoja chenye matoleo yote ndani, Play Store yenyewe humpelekea kila mtu kipande kinachoifaa simu yake, kwa hiyo kubeba matoleo yote mawili hakumwongezei mteja hata MB moja.

Kuhusu programu kufanya kazi wakati mtu hajaifungua, ushauri wangu ni kwamba usiitegemee. Android 6 ya mwaka 2015 ilileta usingizi wa kubana chaji, Android 8 ya 2017 ikabana zaidi kazi za chinichini, na watengenezaji wa simu za bei ndogo wakaongeza walinzi wao wa betri ambao ni wakali kuliko Google. Juu ya hayo, tangu Android 13 ya 2022 programu lazima iombe ruhusa hata ya kutoa arifa, na watu wamezoea kubonyeza Kataa bila kusoma. Ukipanga ukumbusho wa kikao cha Jumamosi saa kumi ndani ya simu, unaweza kutokea Jumapili mtu anapofungua simu kutazama kitu kingine. Kwa mambo yenye tarehe natuma SMS kutoka kwenye seva, kompyuta yangu iliyoko mtandaoni. Inagharimu, ndiyo, na gharama hiyo imo kwenye bei yangu. Lakini SMS inamfikia hata mwanachama mwenye kiswaswadu, na kwenye kikoba hao si wachache: simu janja moja ya mweka hazina inabeba hesabu za watu ishirini na zaidi.

Nikupe kitu kimoja ambacho hakuna emuleta itakayokuonyesha. Mama mmoja mweka hazina ana Tecno iliyopasuka kioo upande wa chini kulia, na pale palipopasuka hapapokei kidole. Kitufe cha Hifadhi kilikuwa kimekaa hapo hapo, kama kwenye programu nyingi. Nilipokaa naye kikaoni nikamwona anavyofanya: anaandika kiasi, anailaza simu, ukurasa unageuka na kitufe kinahamia kwenye kioo kizima, anabonyeza, anaisimamisha tena. Mkono umeshazoea, hata haangalii. Kubadilisha kioo ni hela ndefu kwa simu ya bei ile, kwa hiyo watu huishi na ufa kwa muda mrefu. Sasa fikiria msanidi aliyeizuia programu isigeuke, na wengi huizuia kwa sababu ukurasa uliolala unawaongezea kazi. Huyo mama angekuwa amekwama. Programu yangu inageuka, na kitufe cha Hifadhi siku hizi kina urefu wa upana wote wa kioo.

Swali jingine la kujiuliza: akaunti ya Google iliyomo kwenye simu ya mteja ni ya nani? Mara nyingi ni ya kijana wa dukani aliyemuuzia, aliyefungua anwani ya haraka haraka ili Play Store ifanye kazi, na nywila akaenda nayo. Kwa hiyo kuingia kwa barua pepe hakusaidii, na kusahau nywila ndio mwisho wa safari. Android ina utaratibu wa kuhifadhi data za programu kwenye Google Drive, hadi MB 25 kwa programu, lakini simu ikiibwa data zitarudi kwa mwenye akaunti, na mwenye akaunti ni yule kijana. Namba ya simu ndiyo utambulisho wa mtu kwetu, nayo ina shida yake: laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni humpa mtu mwingine. Mtu akiingia kwa namba ileile kwenye simu mpya, usimfungulie hesabu za kikundi kizima kwa SMS peke yake. Mwombe na namba ya siri aliyoiweka mwenyewe.

Intaneti. Hapa sitakaa sana, maana wengi mmeshaimba wimbo huu: kila kitu kifanye kazi bila mtandao, kiandikwe kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya ndani ya simu, kisha kipelekwe kwenye seva bando likipatikana. Ninaloliongeza ni saa ya simu. Simu iliyozima chaji kabisa huweza kuwaka na tarehe ya miaka ya nyuma, na mteja anaendelea tu. Kwanza, muunganisho salama na seva yako utakataa kwa sababu vyeti vinaonekana havijaanza kutumika, na mteja ataona ujumbe wa kosa usiomwambia lolote. Pili, rejesho la leo litaandikwa la mwaka 2010 na riba yote itapinda. Programu ikiona tarehe iko nyuma ya rekodi ya mwisho, isimame na kusema kwa Kiswahili cha kawaida kwamba tarehe ya simu si sahihi, kisha impeleke mtu moja kwa moja kwenye mipangilio. Na popote unapomtaka mtu achague muda, mwekee asubuhi, mchana, jioni na usiku. Ukimpa saa ya tarakimu, anayekutana saa mbili asubuhi atachagua 2:00.

Simu ikishaeleweka, uje kwenye utaratibu wa watu wenyewe. Kikoba kilichopangika kina sanduku lenye kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na kiasi kinatajwa kwa sauti. Programu nyingi za hesabu nilizoziona zinavunja utaratibu huo bila kujua: zinampa mtu mmoja mwenye simu uwezo wa kuandika, kufuta na kurekebisha, halafu waandishi wake wanashangaa kwa nini vikundi vinarudi kwenye daftari. Daftari lina wino. Ukikata mstari, watu wanaona umekata. Kwenye programu yangu rekodi haifutwi. Inasahihishwa kwa rekodi nyingine inayoonekana, na marekebisho ya mkopo yanahitaji namba za siri za viongozi wengine wawili, palepale kikaoni, kwenye simu ileile. Mwisho wa kikao kuna ukurasa wa maandishi makubwa wa kusoma kwa sauti, jina na kiasi, jina na kiasi. Hicho ndicho kipengele kinachosifiwa kuliko vyote, na kukiandika hakukuchukua hata mchana mzima. Daftari wanaendelea nalo, na mimi sijawahi kuwaambia waliache.

Ruhusa unazoomba nazo ni jambo la watu. Programu za mikopo ya kausha damu zimewatisha wateja wetu sote: zilikuwa zinanyonya orodha ya majina kwenye simu, na mtu akichelewa kulipa anaaibishwa kwa ndugu, bosi na mchungaji. Google ilizipiga marufuku programu za mikopo binafsi kugusa majina na picha za mtu mwaka 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijiti bila leseni. Doa limebaki. Programu yoyote yenye harufu ya fedha ikiuliza majina, mama anaifuta. Mimi siombi majina, siombi mahali, siombi SMS. Anayetaka kuingiza muamala wa M-Pesa anaunakili ujumbe na kuubandika, programu inasoma kiasi na namba ya kumbukumbu. Ni hatua mbili zaidi kuliko kusoma SMS moja kwa moja, lakini tangu Google ilipobana ruhusa ya SMS mwishoni mwa 2018, njia ya mkato ni ya kujieleza kwa fomu na kusubiri hukumu. Sheria nazo zipo: ya Kenya ya ulinzi wa data ni ya 2019, yetu ni ya 2022 na ilianza kutumika Mei 2023. Nani amekopa kiasi gani kwenye kikundi ni siri nzito kuliko wasanidi wengi wanavyodhani.

Sasa fedha yako wewe. Matangazo kwa wateja wa huku hayalipi kodi ya chumba. Usijenge maisha juu yake. Kulipisha kupitia Play Store ni kuwatupa wateja wengi wasio na kadi. Ninachofanya ni kumuuzia kikundi huduma, malipo yanafanyika nje ya programu, na programu yenyewe haiuzi kitu wala haielekezi mtu pa kulipia. Ni ya kuingia na kutumia kile kilichokwisha kulipiwa, jambo ambalo sera za Google zinaliruhusu. Soma sera hizo mwenyewe, zinabadilika.

Kwa malipo yenyewe, mtu mmoja hawezi kuungana na M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa kila moja kivyake. Tafuta kampuni ya kati yenye leseni ya Benki Kuu, ulipe kamisheni yao, ulale. Wenzetu wa Kenya wana Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, na wengi huanzia hapo. Lakini popote ulipo, ugumu uko sehemu moja: ombi la malipo linatokea kwenye simu ya mteja, anaingiza namba ya siri, kisha kimya. Jibu halijarudi kwenye seva yako. Wasanidi wachanga huandika hali mbili tu, imelipwa na imeshindikana, na kimya wanakihesabu kuwa kushindikana. Mteja anabonyeza tena, anakatwa mara mbili, na kuanzia hapo wewe ni mwizi. Weka hali ya tatu, inasubiri, na ikiwa hapo kitufe cha kulipa kisiwepo. Seva iulize yenyewe muamala umefikia wapi. Kila ombi liwe na namba yake ya kumbukumbu, na jibu lilelile likija mara mbili, maana huja, lihesabiwe mara moja. Niliipa kazi hii muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya programu na sijutii.

Play Store kufungua akaunti ni dola 25, unalipa mara moja. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima zipitie jaribio la watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuchapisha kwa umma. Mwanzoni walidai watu 20, wakapunguza Desemba 2024. Kuna magrupu ya nijaribie nikujaribie, na hata wanaouza wajaribu kwa bei. Achana nao. Kama huwezi kupata watu 12 wanaoitaka programu yako, hilo ni jibu tayari, na limekuja kabla hujapoteza mwaka. Usikodi akaunti ya mtu pia: ikifungwa kwa makosa yake, programu yako inaondoka nayo.

Vikundi hutumiana faili la APK, yaani programu yenyewe ya kusakinisha, kwa WhatsApp au Xender kwa sababu hakuna anayetaka kuunguza bando. Siwazuii, ila kuna mtego: faili ulilolitia sahihi ya kidijiti kwa ufunguo wako wa siri na lile la Play Store, ambalo Google hulitia sahihi ya kwao, simu inayaona kama programu mbili za watu tofauti, na moja haiwezi kusasisha nyingine. Mteja analazimika kufuta kwanza, na akifuta data ambazo hazijapanda zinakwenda. Chagua mapema ufunguo mmoja kwa njia zote mbili. Play Store inakuruhusu kuwapa ufunguo wako wakati wa kuiandikisha programu. Aidha, Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba hata programu za nje ya Play Store zitahitaji msanidi aliyethibitishwa utambulisho, kuanzia Septemba 2026 huko Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, na nchi nyingine kuanzia 2027. Jina la kwenye kitambulisho chako na la kwenye akaunti yafanane kuanzia sasa.

iPhone? Dola 99 kila mwaka, na unahitaji Mac. Mwenyekiti wa kikundi mwenye iPhone namfungulia ukurasa wa wavuti wa kutazama hesabu, na hakuna aliyelalamika bado. Flutter, kwa waliokuwa wanasubiri, ndiyo ninayoitumia. Kotlin ingefaa vilevile.

La mwisho ni simu yako mwenyewe. Huduma kwa wateja itakuja kwa WhatsApp, kwa sauti za dakika nne zenye kuku na redio ndani yake, na kwa picha ya kioo iliyopigwa kwa simu ya jirani. Nunua laini ya pekee kwa kazi hiyo, andika saa za kazi kwenye wasifu, na ndani ya programu weka kitufe kinachotuma toleo la programu, aina ya simu na nafasi iliyobaki pamoja na malalamiko. Bila hicho utatumia nusu saa ukimuuliza mtu "ni Tecno gani mama?" naye anakujibu ya bluu.